Nani Ana Neno

Tunduma,
Jumatatu baada ya Jumapili ya tatu ya Majilio.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakupa na shikamoo nyingine za akiba, kwa ajili ya Krismasi zote sita ambazo sikuja kukuamkia mwenyewe. Goti linasemaje na baridi hii? Baba anakunywa dawa zake za presha, au bado anazificha chini ya godoro akidhani humwoni? Na yule jogoo mwekundu anayefukuza wageni yupo, au mmeshamwandalia sikukuu? Huku mvua inanyesha kila mchana, kwa hiyo najua huko Itaka mko kwenye palizi ya mahindi na ile njia ya kanisani imeshakuwa uji.

Shuleni tulifundishwa barua ianze hivi: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Nikiandika hivyo nitakuwa nimekudanganya kabla ya kugeuza karatasi. Mwili ni mzima, ndiyo, lakini hofu na mashaka mwaka huu ni kwangu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, haisikiki mpaka uweke spika, na ukiweka spika anasikia Baba, anasikia jirani, anasikia na jogoo. Nina jambo ambalo nataka ulisome kwa macho yako kwanza, mchana, ukiwa umekaa. Barua hii nimempa dereva mmoja anayepita Mlowo. Ataiacha kwa baba mdogo dukani, naye atampa bodaboda wa kuja huko. Nadhani Alhamisi utakuwa nayo mkononi.

Habari za kazi ni zilezile. Bado nashona maturubai ya malori. Foleni ya mpakani ni ndefu, na mvua ikianza tu kila dereva anakumbuka kwamba turubai lake lina tundu. Wanakuja wote kwa pamoja. "Fundi, nifanyie chapchap, zamu yangu imefika!" Mtu zamu yake ni keshokutwa, lakini anakusimamia kichwani utadhani geti linafungwa sasa hivi. Natandika turubai chini, nakaa juu yake, natoboa na kuvuta uzi mpaka vidole vinakufa ganzi. Ni kazi ya halali na ninakula. Sijaoa bado, usiulize.

Kila mwaka nimekuambia siwezi kuja kwa sababu ya kazi. Mama, Tunduma si mbali. Watu wanatoka huku asubuhi, wanakwenda Mlowo kununua maharage, na jioni wako kwao wanakula. Kuna mzee hapa amefanya kazi mgodini Mkwajuni maisha yake yote na hajakosa Krismasi nyumbani hata moja. Umbali wa kwangu niliutengeneza mwenyewe. Kitu nilichokuwa nakikimbia ni swali la Baba.

Unalijua swali hilo kuliko mimi, maana ulilikuta kwa baba mkwe wako. Jumapili nne za Majilio, tukitoka kanisani, wote tunakusanyika sebuleni. Taji la matawi liko mezani na mishumaa yake minne. Mdogo kuliko wote anashika kiberiti. Kabla hajawasha, Baba anauliza, "Nani ana neno?" Aliyemkosea mwenzake anasema hapo, aliyekosewa anasamehe hapo, na likishasemwa mbele ya mshumaa halitoki nje ya mlango. Kwa hiyo Krismasi tukikaa kula hakuna anayemeza wali pamoja na kinyongo. Nakumbuka mwaka ule nilipokiri kwamba ni mimi niliyevunja redio, Baba akanisamehe huku anauma meno. Tulicheka mpaka wewe ukatoka nje.

Mwaka ule wa Josia, Jumapili ya nne, kiberiti alishika Josia mwenyewe, mtoto wa kaka Elia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko sisi sote. Alivunja njiti tatu kabla ya kuwasha. Baba akauliza swali lake, nami nikatafuta moyoni nikaona sina neno. Naapa, Mama, nilitafuta kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Sasa nataka nikuambie nilichokuwa nimesahau.

Wiki mbili kabla ya hapo Baba alinituma kupulizia kahawa ya kule bondeni. Mvua ikanikuta dawa haijaisha. Chombo chake mfuniko ulikuwa umepasuka, nikaogopa itamwagika mgongoni nikipanda. Nikaokota chupa tupu ya soda pale shambani, nikaimimina humo dawa iliyobaki. Sikuwa na kizibo. Nikaifunga kwa kipande cha nailoni na uzi mwekundu niliouchomoa kwenye mdomo wa gunia la mbolea. Unajua nilivyokuwa na tabia hiyo ya kufunga kila kitu kwa uzi ule, hata uliwahi kunitania kwamba iko siku nitafunga na mdomo wangu.

Nilipofika nyumbani stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa Baba kanisani, kwenye usafi wa wazee. Nilikuwa nimelowa chapachapa. Nikaingia jiko la nje, nikaisimamisha ile chupa nyuma ya kuni, chini kabisa ukutani, nikasema Baba akirudi nitaiweka mahali pake. Nikaenda kuota moto. Kesho yake tulianza kupanda mahindi, na sikuikumbuka tena.

Kuni zilikuwa nyingi, Mama. Ziliifunika mpaka juu. Lakini mkesha wa Krismasi mlipika tangu alfajiri, maandazi, maharage, uji wa kwaya, na kila mara mtu anavuta kuni. Mpaka mchana rundo likawa limekwisha na chupa imebaki imesimama peke yake, palepale kando ya kreti la soda la sikukuu. Na rangi ya dawa ile ilikuwa nyeusi kama soda yenyewe.

Unakumbuka Baba alivyofanya asubuhi ile. Aliwaita watoto wote, akahesabu soda kwa sauti, moja mpaka ishirini na nne, akasema kesho baada ya ibada atahesabu tena na ole wake atakayekuwa ameipunguza. Watoto walikuwa wanacheka wanaogopa. Josia alikuwa na miaka mitano na alishaanza kujua hesabu. Hakuiba, Mama. Nimelifikiri hili miaka sita. Alichukua ile isiyohesabiwa.

Hayo mengine unayajua na sitakurudisha huko zaidi ya inavyobidi. Mama yake ndiye aliyemkuta kwenye migomba. Kaka Elia akampakata kwenye pikipiki kuelekea Mlowo, kwenye tope lile, na hakufika naye akiwa hai. Chupa ilitupwa chooni. Krismasi kengele ililia kwa ajili ya mazishi, na Baba, mzee wa kanisa, alishindwa kusoma lile somo la mtoto amezaliwa kwa ajili yetu. Alifungua kitabu akakifunga.

Kisha watu wakaanza kutafuta mwenye chupa. Jiko lilikuwa la Mama Josia. Mafuta ya taa alikuwa anayaweka kwenye chupa za soda, kila mtu alijua. Na wiki hizohizo alikuwa amemwomba jirani dawa kidogo ya kupulizia maharage yake. Hapo ikatosha. Hakuna aliyeniuliza mimi. Siku ya kumaliza matanga wanawake walimsema mpaka akapiga magoti, akasema, "Labda ni mimi. Sikumbuki, lakini labda ni mimi." Kaka aliinamisha kichwa. Ndugu za Mama Josia wakaja kumchukua, akaondoka na mfuko mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile la mlangoni. Nilimfungulia geti, Mama. Hicho ndicho nilichomfanyia shemeji yangu, nilimfungulia geti.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu vya kutosha, na mwaka huu imefika mwisho.

Jumapili ya kwanza ya Majilio nilikwenda kanisani hapa Tunduma. Sikuenda kwa ucha Mungu, nilikwenda kwa sababu banda langu lilikuwa linavuja. Nikakaa nyuma. Kwenye benchi la mwisho kabisa, upande wa wanawake, alikuwa amekaa mwanamke amejifunga kitenge cha Kizambia. Watu walipokwenda Meza ya Bwana yeye hakunyanyuka. Mimi pia sikunyanyuka. Tukabaki wawili tu nyuma ya kanisa zima, akageuka, na alikuwa ni Mama Josia.

Hakukasirika kuniona. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza. Alinishika mikono yote miwili nje pale, akaniuliza habari zenu mmoja mmoja, akaanza na wewe. Miaka hii alikuwa upande wa pili wa mpaka, Nakonde, anafanya kazi nyumbani kwa watu, na hata sasa kila neno anaweka "mukwai", ile heshima ya Kizambia, mwishoni bila kujua. Mwaka huu amerudi upande wetu, anauza chai na chapati kwa madereva. Amekonda. Hapa hakuna anayemwita Mama Josia. Wanamwita Rehema, au dada wa chapati.

"Shemeji," akaniambia, "Jumapili ijayo uje kwangu. Mimi bado nawasha mishumaa kama alivyonifundisha baba mkwe. Lakini nawasha peke yangu, na mtu huwezi kujiuliza mwenyewe kama una neno."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Ana chumba kimoja, kisafi. Ukutani ametundika shati dogo la bluu la mikono mifupi, na karatasi ya dukani bado iko kwenye kola. Ni lile shati la sikukuu, Mama, lililokwenda na suruali ile kubwa aliyoishonea mkanda wa kiunoni. Mezani ameweka sinia, amelijaza punje za mahindi, na mishumaa minne ameisimika humo. Matawi hakupata.

Akanipa kiberiti. Akasema, "Wewe ndiye ukoo pekee nilionao huku. Kaa pale, mahali pa Baba. Uliza."

Nikakaa. Nikauliza, "Nani ana neno?" Sauti ilitoka ya Baba kabisa, nikaogopa.

Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwanamke mkubwa kuliko mimi, mke wa kaka yangu, akasema, "Mimi nina neno. Nilimuua mwanangu kwa uzembe wangu. Nilimuua mtoto wa kaka yako, mjukuu wa wazazi wako. Nimesema hivi mbele ya ukuta miaka sita na ukuta haunijibu. Naomba unisamehe kwa niaba yao wote."

Na mimi, Mama, nilimwambia, "Nimekusamehe."

Nilimwambia hivyo. Nilimshika kichwani kama mchungaji, nikawasha mshumaa wa pili. Alilia, kisha akakaa, uso wake ukawa mwepesi, akanipakulia wali na maharage. Tukala. Katikati ya kula akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Shemeji, wewe ulikuwepo siku ile. Chupa ile ilikuwa imezibwa na nini? Maana mimi chupa zangu zote nilikuwa naziziba kwa gunzi. Hilo tu ndilo linanisumbua. Nakumbuka magunzi yangu yote yalikuwepo."

Nikasema sikuiona vizuri.

Wiki iliyofuata sikuwa mtu. Nilishona turubai la dereva mmoja juu chini, akaja kunitukana mbele za watu na nikamshukuru. Nilijichoma sindano kiganjani mara mbili. Kila nikivuta uzi namwona amepiga magoti. Nilikuwa nimezoea kubeba jambo lile moja la zamani, limekuwa kama kibyongo, mtu anajua kulalia upande gani. Lakini hili la kumsamehe mtu kosa langu mwenyewe halikukaa popote. Nilikuwa nimeua mara moja bila kukusudia, na Jumapili ile nilikaa kwenye kiti cha Baba nikafanya kwa kukusudia.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu. Nilifika kabla hajamaliza kupika. Sikukaa. Nikasema, "Ilikuwa imefungwa kwa nailoni na uzi mwekundu wa gunia."

Alikuwa anageuza chapati. Akaigeuza, akaibonyeza, akaitoa, akaiweka kwenye sahani, akaifunika. Akazima jiko. Kisha akasema, "Wewe." Hakuwa anauliza. Aliniona nikifunga vitu kwa uzi ule tangu siku aliyoolewa kwetu.

"Ndiyo. Ni dawa ya kahawa. Niliiweka nyuma ya kuni nikasahau."

"Jumapili iliyopita ulinisamehe."

"Ndiyo."

"Kwa mdomo huohuo."

"Ndiyo, shemeji."

"Toka nje."

Nikatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, majirani wanapita wananiangalia nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ndani sikusikia kilio. Ningesikia kilio ningepata nafuu. Nilikaa pale mpaka mvua ikakatika na watoto wakaanza kutoka kucheza. Akafungua mlango, lile shati la bluu liko begani kwake.

Nimeyashika maneno yake na nayaandika kama alivyoyasema: "Sitaki machozi yako, ya kwangu yananitosha. Elia simtaki, ameoa, Mungu amsaidie na watoto wake. Wewe bado sijajua nitakufanya nini, usiniharakishe. Ninachotaka ni kufika kwenye kaburi la mwanangu. Nipite mlango wa mbele wa ua wa baba mkwe, mchana, watu wakiniona, sio kunyatia kwenye migomba kama mwizi. Ning'oe majani yake kwa mikono yangu. Na nataka niitwe jina langu, Mama Josia."

Nikamwambia nitaandika nyumbani. Akasema, "Andika. Na wasome siku ya mshumaa wa nne, wote wakiwepo, yule uliyemkalia kitini akiwepo."

Mshumaa wa tatu haukuwashwa kwake jana. Aliniambia hawezi kuuwasha akiwa na neno na mtu, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo bado umesimama kwenye mahindi yake.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, Mama. Jumapili hii inayokuja, Baba atakapouliza nani ana neno, naomba useme Simoni analo, ni hili, na uzisome karatasi hizi. Zisome zote, hata pale pa geti. Baba akitaka kusikia mara mbili, asomewe. Kaka Elia akitaka kutoka nje, msimzuie. Wazee wakiona jambo liende kwa mtendaji wa kijiji au polisi, nitakwenda kwa miguu yangu, sitahitaji kufuatwa.

Mkesha wa Krismasi tutakuja, mimi na Mama Josia. Tutapanda basi la asubuhi mpaka Mlowo, halafu bodaboda mbili. Nimeshamlipia nauli yake akaikataa, amesema atajilipia. Yeye ataingia kwa mlango wa mbele. Mimi nitasimama pale njia panda, kwenye mkaratusi, mpaka Baba aniite. Asiponiita, nitarudi Tunduma na basi la jioni, na sitamlaumu hata kidogo. Msinihesabie chakula. Yeye mhesabieni, na kiti chake kisiwe cha mgeni karibu na mlango, kiwe pale alipokuwa akikaa na Josia.

Jambo jingine: jembe dogo la palizi la Mama Josia, lile lenye mpini mfupi, kama bado lipo, lisafishwe liwekwe barazani alione.

Nisalimie Baba, umwambie presha si siri. Nisalimie kaka yangu Elia, ingawa najua salamu yangu itamchoma. Mkewe, Mama Upendo, ambaye sijamwona kwa macho, mwambie hakuna anayekuja kumnyang'anya kitu. Salamu kwa wanawe wawili, na yule mdogo ndiye atakayeshika kiberiti nadhani. Afundishwe, asivunje njiti tatu. Msalimie shangazi wa kwaya ya akina mama, aliyesema maneno makali kuliko wote siku ya matanga. Hakuwa na kosa, alidanganywa na ukimya wangu. Baba mdogo wa dukani ataisoma bahasha tu, ndani nimeifunga vizuri, kwa gundi.

Ni mimi mwanao, niliyeiweka ile chupa,

Simoni.

*

Mama, karatasi hii ni yako peke yako. Usiwasomee. Ukitaka, ichome jikoni.

Siku ile nilikuwa mlangoni mwa jiko wewe ulipoiokota chupa kwenye migomba. Ulikuja nayo mpaka kwenye mwanga. Uzi ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake, mwekundu. Uliutazama. Kisha ukanyanyua macho ukanitazama mimi, muda wa kutosha mtu kusema "Baba yetu" mpaka kwenye mkate. Kisha ukaenda chooni, ukaitupa, ukarudi ukinawa mikono, ukawaambia watu umeitupa isije ikaua mwingine. Wote wakakusifu kwa busara.

Na jioni yake, wanawake walipoanza kuuliza, ni wewe uliyesema, "Mwenye jiko ndiye anayejua vilivyomo jikoni."

Sikulaumu. Sina mdomo wa kulaumu mtu. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile ulikuwa umeshampoteza mjukuu, ukaona usimpoteze na mwana. Ulinichagua mimi. Nimekula uchaguzi huo miaka sita na haujawahi kunishibisha. Ndiyo maana hata kwenye simu hukuniuliza kamwe kwa nini siji. Ulikuwa unajua, na mimi nilijua kwamba unajua, tukaongea habari za jogoo.

Mama Josia sijamwambia habari hii. Neno langu nimelisema, la kwako si langu kulisema. Ningeweza kumwandikia Baba barua hii, lakini nimekuandikia wewe, ili Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ziwe zako.

Jumapili Baba atauliza. Ukishamaliza kusoma karatasi zangu, kabla mtoto hajawasha, atauliza tena, kwa sababu huwa anauliza mara mbili. Atawazungukia wote kwa macho na atafika kwako.

Mama, usiache mshumaa ukawashwa ukiwa bado na neno.